La Mto au la Mzigo

Asubuhi ile Chuma alianza na vidole. Alimkamata mkewe mkono wa kulia, akauingiza kwenye droo ya vijiko, akaisukuma droo kwa goti. Mara ya kwanza ilikuwa ya kupima tu. Mara ya pili alirudi nyuma hatua nzima ili goti lipate nguvu, na vidole viwili vikavunjika, cha kati na cha pete. Mlio wake aliusikia hata mama mkwe, mama yake Chuma, aliyekuwa anakoroga chai jikoni humo humo. Aliendelea kukoroga.

Sababu ilikuwa barua. Tusidanganyane, Chuma hakuwa mtu wa kuhitaji sababu; mimba ya kwanza ya mkewe aliitoa kwa teke kwa ajili ya shati lisilopigwa pasi. Lakini siku hiyo sababu alikuwa nayo mkononi. Alipekua mkoba wa mkewe akitafuta kiberiti, akakuta nakala ya barua iliyoandikwa kwa msimamizi wa magari siku tatu nyuma. Dereva wa gari namba kumi na mbili anaendesha amelewa. Asipewe tena mizigo ya hatari. Chini yake sahihi ya mpangaji wa njia, yaani mke wake wa ndoa.

"Umenichongea," Chuma alisema.

"Nimeandika nilichokiona."

"Unatia chumvi. Siku zote wewe ni mtu wa kutia chumvi."

Neno hilo likamkumbusha kitu. Akachukua chupa ya chumvi rafuni, ile ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kusokota, akaimwaga chumvi yote mezani mpaka ikafanya kichuguu, akaifuta chupa ndani kwa pindo la fulana. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua kwa utulivu wa mtu anayenunua taa.

"Leo nina lita elfu kumi na tano za tindikali," alisema. "Kikombe kimoja kikipungua kiwandani hakuna atakayejua. Nikirudi jioni nakuletea kikombe chako, nakumwagia usoni, halafu tuone utakavyosoma ramani."

Mkewe hakumwambia acha mzaha, maana alijua si mzaha. Miezi sita iliyopita mbwa wa jirani alikuwa anabweka sana. Chuma alirudi safari na chupa, akamwita mbwa kwa upole kwenye uzio, akammwagia. Mnyama yule alilia saa nzima, na ngozi ya kichwa ikambanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Jirani alihama mwezi huo huo.

Na usiulize kwa nini hakukimbia. Alikimbia mara mbili kwa kaka yake. Mara ya pili Chuma alimfuata na nondo, akamvunja shemeji yake muundi mbele ya watoto wake, kisha akamwambia mkewe aingie garini. Walipokwenda kushtaki, waliambiwa hayo ni ya nyumbani, wakayamalize nyumbani.

Chuma akatia chupa kwenye begi lake, akaizungushia taulo isipasuke, akanywa chai ya mama yake akiwa amesimama, akaondoka. Mwanamke akatoa mkono kwenye droo.

"Funga na kitambaa chenye maji baridi," mama mkwe alisema bila kugeuka. Ndiyo hayo tu aliyosema.

* * *

Kampuni ilikuwa ya kubeba vitu ambavyo wengine wanaogopa kubeba: petroli, gesi, klorini ya kusafishia maji, tindikali ya viwandani. Lori la mzigo wa namna hiyo haliendi linakotaka. Halipiti penye shule wakati watoto wanaingia au kutoka, halikatizi sokoni, halisimami karibu na hospitali, halishuki bondeni penye chanzo cha maji kama kuna njia nyingine. Lazima mtu akae na ramani, na sheria, na saa, achore njia kona kwa kona, aandike hati, atie sahihi, na hati ile ikae kwenye kioo cha gari. Dereva akiiacha hata kwa kona moja, amevunja sheria na leseni yake imekwenda.

Mtu huyo alikuwa mke wa Chuma. Madereva walimwita Mama Njia, na hawakumwita hivyo kwa dhihaka. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa mbele ya ramani ile ya ukutani iliyojaa pini, nyekundu kwa shule, bluu kwa maji, na katika miaka hiyo hakuna tone la mzigo wake lililomgusa mtu barabarani. Waliomgusa yeye nyumbani ni habari nyingine.

Kulikuwa na tatizo moja la kudumu, nalo lilikuwa neno. Mizigo ya hatari imegawanywa kwa madaraja. Petroli ni daraja la tatu, tindikali ni daraja la nane. Na barabara kuu ya kwenda viwandani ina madaraja matano juu ya mito, nayo yanahesabiwa vivyo hivyo, la kwanza, la pili, la tatu. Mwaka wa kwanza wa kazi yake dereva mmoja wa tindikali alilala siku mbili kando ya mto kwa sababu aliambiwa kwa redio "daraja la tatu subiri", akasubiri kwenye daraja, kumbe waliotakiwa kusubiri ni wa petroli. Tangu hapo Mama Njia alibandika kipande cha boksi ukutani, kimeandikwa kwa wino mzito: LA MTO AU LA MZIGO? Mtu akitaja daraja, lazima aulizwe. Ikawa utani wa ofisi nzima. Hata karani alipotangaza kwamba amepandishwa daraja, madereva walimjibu kwa sauti moja, la mto au la mzigo?

Asubuhi hiyo Mama Njia aliingia ofisini saa nne kasorobo, mkono umeviringwa kitambaa cha jikoni. Madereva waliokuwa mlangoni walitazama viatu vyao. Walikuwa wameshauzoea mtindo huo, kutazama viatu.

Mezani alikuta karatasi yenye mwandiko wa karani. Simu kutoka ofisi ya barabara, saa tatu na dakika tano. Kuanzia leo daraja la tatu ni marufuku mpaka itakapotangazwa tena.

"Ulimuuliza?" alimwambia karani.

"Kuuliza nini?"

Mama Njia akaonyesha ukuta kwa kidevu. Karani akatazama lile boksi.

"Nilikuwa na chai mdomoni, mama. Lakini lazima ni la mzigo. Wiki iliyopita si walisema wataibana petroli? Msimamizi ameshazuia magari yote ya mafuta."

Ndiyo maana kulikuwa na kelele uani. Malori saba ya petroli yalikuwa yamepangwa pua kwa pua, na madereva wake wamemzunguka msimamizi, kila mmoja anadai safari yake. Mama Njia alipofika dirishani, mambo yalikuwa yameshaharibika. Dereva mmoja mnene alimshika msimamizi ukosi, msimamizi akamtandika kichwa cha pua, damu ikaruka mpaka kwenye bodi jeupe la tangi. Mwingine akaja na spana ya magurudumu. Karani akatupa kalamu, akatoka mbio kwenda kuona, maana vita ya wakubwa haikosi watazamaji.

Mama Njia akabaki peke yake. Akaikamata simu kwa mkono wa kushoto, akampigia mhandisi wa barabara.

"La mto au la mzigo?" alimuuliza.

"La mto, mama. Mzigo wa nini tena? Mafuriko yamekula nguzo ya kati. Nimelikagua mwenyewe. Likipita gari la zaidi ya tani tano, linakwenda chini."

"Mmeweka kizuizi?"

"Watu wangu wako njiani na mapipa. Saa sita watakuwa wamefika."

"Chini ya daraja kuna mtu?"

"Korongo tupu na mawe. Kwa nini?"

"Ni kawaida yetu kuuliza," alisema, akaweka simu.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi. Hakuhitaji kutazama hati ya gari namba kumi na mbili, maana aliiandika mwenyewe jana mchana, kwa mkono uliokuwa bado mzima. Kutoka bohari saa mbili na robo. Daraja la kwanza saa tatu. Njia panda ya machimbo saa nne na nusu. Daraja la tatu saa tano kasoro dakika kumi. Chuma alikuwa dereva mbaya wa watu lakini mzuri wa saa. Tani ishirini na saba na ushee, ukiacha gari lenyewe. Na alikuwa peke yake, kwa kuwa utingo wake wa mwisho alikimbia akiwa ameshika jino lake mkononi, na hakuna mwingine aliyekubali kupanda.

Sasa hapa lazima jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo lenye uzito. Chuma hakuwa mtu wa kupokea amri ya mkewe. Mwaka juzi mkewe alimwambia kwa redio, mbele ya madereva wote waliokuwa hewani, apunguze mwendo penye shule. Chuma akaongeza mwendo, na jioni akampiga kwa waya wa redio ile ile mpaka ukakatika. Baada ya hapo msimamizi aliweka utaratibu: maneno yote ya gari namba kumi na mbili atayasema yeye msimamizi. Na kwa msimamizi Chuma alikuwa mtoto mwema, ndiyo mkuu, sawa mkuu. Alikuwa hata anajisifia hilo nyumbani, kwamba yeye anamsikiliza mwanamume mwenzake na si mtu mwingine.

Msimamizi alikuwa uani. Kutoka kwenye kiti cha Mama Njia mpaka pale ni hatua ishirini. Tena hata kutembea hakukuhitajika. Angefungua dirisha akasema "ni la mto" tu, vita ingekwisha, petroli ingeondoka, msimamizi angekuja akashika redio, na gari namba kumi na mbili lingekata kulia kwenye njia panda ya machimbo. Lingechelewa saa mbili. Chuma angeshusha tindikali kiwandani, pungufu ya kikombe kimoja. Saa moja usiku angekuwa nyumbani.

Mama Njia alisimama. Akafika mlangoni, akashika kitasa kwa mkono mbaya kwa kusahau, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Akarudi kukaa.

Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kukaa kilikuwa cha kazi. Alitazama pini ya bluu kwenye ramani, kilomita kumi na nane chini ya daraja la tatu, pale mto unapoingia kwenye mabomba ya mji. Akapiga simu kwenye mtambo wa maji. Aliyepokea ni mzee wa zamu, mtu wa kuongea taratibu na kuandika kila kitu.

"Fungeni lango la mto, mzee."

"Kuna nini, mama?"

"Tindikali. Daraja la tatu. La mto."

"Imemwagika?"

Uani mtu alipiga yowe, akanyamaza.

"Funga tu, mzee. Usifungue mpaka nikwambie."

"Saa nne na dakika ishirini," mzee alisema akiandika. "Nafunga."

Ndipo akavuta kipaza sauti cha redio. Alijua mtambo unarekodi. Alijua pia kwamba madereva wote wako hewani, waliokwama uani na walio safarini.

"Gari kumi na mbili, gari kumi na mbili, ofisi hapa."

"Sema."

"Daraja la tatu limefungwa. La mto. Kata njia panda ya machimbo, zunguka."

Chuma akacheka.

"Ofisi gani hiyo? Huyo si mke wangu? Jamani madereva, mmesikia, leo nimeongezewa msimamizi." Wengine wakacheka hewani. "Hati iko hapa kwenye kioo, mwandiko wako, sahihi yako, imesema daraja la tatu. Unataka niiache hati ili upate ya kuandika kwenye barua nyingine? Umenoa."

Na ukweli usemwe, hapo Chuma hakuwa mjinga. Kwa mtu mwenye akili yake, ule ulikuwa mtego dhahiri. Mama Njia alilielewa hilo wakati anaongea, na hakulieleza.

Akangoja. Saa nne na nusu ikapita, na njia panda ya machimbo ikapita nayo. Bado palikuwa na nafasi ya kugeuza. Akabonyeza tena.

"Gari kumi na mbili. Nakukataza kupita daraja la tatu."

Neno hilo hakuwahi kulitumia kwa mumewe tangu waoane. Alilichagua, kama anavyochagua barabara.

"Rudia," Chuma alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kuchekesha watu.

"Nakukataza."

"Loo, kaka, umekatazwa," dereva mmoja akasema hewani.

"Nakuja na kikombe chako," Chuma akajibu. Kila mtu alisikia, na hakuna aliyeelewa isipokuwa mkewe.

Mara ya tatu ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Yeye mwenyewe hajui mpaka leo ilitoka wapi. Mkono ulikuwa umevimba umekuwa mweusi, na ghafla akamwona yule kijana aliyekuja kuchumbia akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana, akawa anachechemea mbele ya wazee huku anatabasamu.

"Mume wangu, nakuomba. Usipite. Nakuomba sana."

"Eeh," Chuma alisema, ameridhika. "Sasa umejua kuomba. Naliona daraja lenu, limesimama vizuri kuliko wewe. Sikiliza navyopita."

Akabonyeza kitufe, akakishikilia, ili mkewe na madereva wote wasikie injini yake juu ya daraja lililokatazwa. Ikasikika gia ikishuka. Zikasikika mbao na vyuma vikigongana chini ya magurudumu. Halafu mlio mmoja mkavu, mfupi, na Chuma akatukana, na kila kitu kikaanguka kwa muda mrefu.

Kidole chake hakikutoka kwenye kitufe. Labda kilibanwa. Kwa dakika nne redio zote za kampuni zilisikia kitu kikichemka, kama mafuta yanayomwagiwa maji, na mtu akipiga kelele zisizo na maneno. Kisha zikaja zenye neno. "Mama," alisema. "Mama, mama. Mama." Uani madereva walisimama kila mmoja alipokuwa, mwenye spana na spana yake. Mmoja alikwenda kuzima redio ya gari lake, akashindwa kupata kitufe.

Msimamizi aliingia ofisini mdomo umepasuka.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unapigana," Mama Njia alisema.

Kwenye droo ya msimamizi barua ya mwanamke huyu ilikuwa na siku ya tatu, haijajibiwa. Tangu dakika hiyo hakuuliza tena, wala hakuna mtu aliyemsikia akilizungumza.

* * *

Mama Njia na watu wa kampuni walifika korongoni saa saba. Daraja lilikuwa limekunjika katikati, na tangi limepasuka juu ya mawe. Majani yote ya upande ule yalikuwa meusi, na hewa iliwakata koo hata wakiwa mbali. Zimamoto walimwaga chokaa gunia baada ya gunia mpaka bonde likawa jeupe, ndipo wakaweza kushuka. Walimpandisha Chuma kwenye turubai. Nguo hazikuwepo, na ngozi ya mgongo na ya uso haikuwepo. Masikio yalikuwa yameyeyuka. Mkono wa kulia tu ndio uliokuwa mzima, na ulikuwa umeng'ang'ania kipaza sauti hivi kwamba walikata waya wakampandisha nacho.

Zimamoto mmoja alimwambia Mama Njia asitazame. Alitazama. Alitazama uso ule uliokwisha kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, na alichokihisi kwanza ni kwamba uso wake mwenyewe una joto, uko pale pale, na jua linaupiga. Aliona aibu, lakini aibu haikuuondoa ule moto mzuri wa jua mashavuni.

Mkaguzi wa ajali alikuja siku ya pili. Alisikiliza rekodi mara mbili akiwa ameinamisha kichwa, na ile sehemu ya mwisho akaizima kwa heshima ya mjane. Akaandika kwamba tangazo lilikuwa na utata, kwamba mpangaji wa njia alihakikisha kwa mhandisi, na kwamba dereva alionywa mara tatu, waziwazi, akakaidi.

"Mama, umefanya zaidi ya wajibu wako," alisema akifunga faili. "Hata maji umewahi kuyafunga. Mji ungekunywa sumu."

Hakumuuliza aliyafunga saa ngapi.

* * *

Siku ya nne baada ya maziko wageni walikuwa wamepungua. Mjane na mama mkwe walikuwa wamekaa jikoni pale alipogonga mzee wa mtambo wa maji, kofia mkononi, amekuja kutoa pole. Alipewa kiti, akapewa chai. Akasema maneno ya msiba yanayosemwa, kisha kwa kuwa ni mtu wa kumbukumbu akatoa daftari lake dogo mfukoni.

"Nimeona nikuletee ulione mwenyewe, maana kitu hiki nitawaonyesha wajukuu," alimwambia mama mkwe kwa fahari. "Mkweo alinipigia saa nne na dakika ishirini. Lori lilianguka saa tano kasoro kumi. Nusu saa nzima kabla, lango limeshafungwa. Watu wa namna hii hawapatikani tena."

"Ni kweli," mama mkwe alisema. "Hawapatikani."

Alimsindikiza mgeni mpaka nje, akafunga mlango, akarudi kukaa mahali pake. Maji kwenye sufuria yalianza kuchemka na hakuna aliyenyanyuka.

"Nusu saa," alisema.

Mkwewe alitazama bandeji yake.

"Mwanangu alikuwa anamsikiliza msimamizi," mama mkwe akaendelea. Hakupandisha sauti. "Kila siku alijisifia hapa mezani. Na rekodi waliniletea, nikasikia ulivyomkataza. Mtoto yule tangu aache ziwa, ukimkataza kitu ndiyo umemtuma. Ningekuwa mimi ndiye niliyetaka arudi, mwanangu, ningemwambia mara moja tu, halafu ningekwenda kumwita mwanamume. Wewe ulimwambia mara tatu."

Mwanamke hakukana. Alikuwa amejiandaa kukana kwa mkaguzi, kwa msimamizi, kwa ndugu wa mume, na maneno yote alikuwa nayo tayari. Kwa mama huyu hayakuja.

"Ile ya tatu nilimwomba kweli," alisema. "Nadhani."

"Nimesikia. Rekodi ikaishia hapo. Mwisho alisema nini?"

"Alikuita."

"Alisema nini?"

"Alisema mama. Mara nyingi."

"Hata wewe wanakuita mama huko kazini."

"Yeye hakuwahi kuniita hivyo," alisema. "Alikuita wewe."

Uso wa mama mkwe ukakunjika, akalia pale pale kitini, bila kujifunika, mabega yanamtikisika kama ya mtu anayetwanga. Mkwewe hakuthubutu kumgusa. Alipomaliza, alifuta pua kwa kanga, akainuka, akaenda kwenye kona ulipokuwa mfuko wa vitu walivyorudishiwa na polisi, ambao hakuna aliyekuwa ameufungua. Akatoa saa ya mkononi, akatoa hati ya njia iliyoungua nusu, akatoa taulo. Ndani ya taulo ile chupa ilikuwa nzima, haina hata ufa, na ilikuwa tupu.

"Nilikuwa hapa," mama mkwe alisema, anaitazama. "Nilimsikia alivyosema kikombe. Na mbwa yule nilimwona kwa macho yangu. Nikakoroga chai."

Akaiosha chupa, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaikausha. Ile chumvi iliyomwagwa mezani asubuhi ile alikuwa ameikusanya kwenye karatasi. Akaimimina ndani taratibu mpaka ikajaa, akasokota kifuniko. Kisha akapakua chakula sahani mbili, moja akaiweka mbele ya mkwewe upande wa mkono wa kushoto, ili asipate taabu.

"Ndugu wa mume wako wanakuja kesho, na wana maswali," alisema akikaa. "Usitie chumvi. Sema ulimwonya, basi."

Akaisukuma ile chupa mezani mpaka ikagota kwenye vidole vilivyofungwa bandeji.

"Onja," akasema, "kama imekolea."